Alipoangukia Njiwa

Friza yangu ilijaa njiwa waliokufa, kando ya maziwa ya watoto. Mgeni akiifungua, kazi ya kueleza ni yangu. Mume wangu alifundisha mbwa wa wawindaji kuokota ndege. Mimi nilijificha kwenye majani marefu, nikarusha juu mmoja wa njiwa hao. Mbwa, ameketi kando ya mume wangu, alitakiwa apashike kwa macho pale njiwa alipoangukia, ndipo atumwe.

Mume wangu hakumnyooshea mbwa kidole hata siku moja. "Nikimwonyesha, mama watoto, ataangalia mkono wangu badala ya ndege."

"Basi na mimi acha kuninyooshea kidole jikoni."

Tulicheka sana enzi zile.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Alinificha, utadhani naishi nyumba nyingine! Nilipombana alisema wawindaji wakijua hawatamletea mbwa tena, na kazi nyingine haijui. Tukapatana: nitarusha kushoto kila mara, naye ageuzie uso huko, aonekane anaona.

Mwenyekiti wa wawindaji akaja kumkagua mbwa wake, jike jeusi tuliyemwita Bibi Harusi kwa maringo. "Leo narusha mimi," akasema, akachukua njiwa mkononi mwangu, akamtupa kulia.

Mume wangu akageukia kushoto, akamtuma mbwa. Bibi Harusi akatimka kulia. Mume wangu aliposikia majani yakichakarika upande wa pili, akapuliza filimbi ya kumzuia. Mbwa akasimama, akamtazama, akayatazama majani, kisha akaendelea zake. Akarudi na njiwa, akamweka mkononi mwa mume wangu.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "mbwa yuko vizuri sana. Ila wewe huoni."

"Sioni," mume wangu akajibu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa mbwa hawa wengine nimpelekee nani?"

"Mimi," nikadakia kabla sijafikiri. "Yeye atarusha. Kurusha hakutaki macho."

Mwenyekiti alikubali, na tukaishi hivyo miaka yote iliyobaki. Mume wangu akisharusha, aliuliza kutoka majanini, "Ameona?" Nami nilijibu, "Ameona," kisha mbwa alimwokota njiwa na kumrudishia yeye mkononi. Siku nyingine mbwa alikuwa anajikuna tu, hajaona chochote. Nilijibu vilevile, nikaenda kumwokota njiwa mwenyewe, nikainama kumtia mkononi mwake kama angefanya mbwa.

Mara moja mkono wake mwingine ulitua kichwani pangu, juu ya kilemba. "Mbwa mzuri," akasema polepole, na hakuuondoa.