Subiri Tatu

Kamanda alikuwa chini ya meza ya rangi, kwenye chumba cha michezo cha wodi, tangu saa nne asubuhi, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Miaka sita, kichwa hakina unywele hata mmoja, na jina hilo alipewa na wenzake wa wodi ya saratani kwa jinsi anavyowapanga foleni ya baiskeli. Saa tisa alasiri alitakiwa kuchomwa sindano ya mgongo, dawa ipite kwenye maji ya uti ifike kichwani, ambako saratani ya damu hupenda kujificha. Wiki iliyopita alirusha mateke, sindano ikaenda kombo, wakaambulia damu tupu. Leo ikishindikana tena, matibabu yote yanavurugika, na daktari alishamwambia hivyo mama mtu bila kupepesa macho.

Shangazi, ndivyo watoto walivyomwita mwanamke wa michezo, alikaa sakafuni ameegemea ukuta. Alijua kosa ni la nani. La kwake.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja, na aliipigania miaka tisa: humu haingii sindano. Mtoto akitakiwa kutolewa damu anaitwa, anatoka, anatolewa huko huko. Jana sista alikuja mbio, maabara inafunga. "Shangazi, kidogo tu, hata hatashtuka." Na Shangazi, mikono imejaa gundi, akasema haya, fanya haraka. Kamanda alikuwa anambandika mwanasesere plasta. Akadakwa mkono kutokea nyuma.

Na asikudanganye mtu kwamba sheria ile ililetwa na wakubwa. Wakubwa walileta kamera. Walikuja na midoli mikubwa kuliko watoto wenyewe, wakapigwa picha, na kabla gari lao halijatoka getini midoli ikafungiwa kabatini isije ikachafuka. Shangazi anamkumbuka kila mmoja wao na suti aliyovaa. Anakumbuka pia enzi za kabla ya chumba: mtoto mmoja, watu wazima wanne, huyu miguu, huyu mabega, na mama anasukumwa nje asisikie kilio, kana kwamba mama ana masikio ya kuvua. Hiyo ndiyo waliyoiita huduma.

Mama yake Kamanda aliingia, akainama kuchungulia. "Bado yuko handakini? Toka mwanangu. Sindano yenyewe haiumi, kama mbu tu."

"Mbu mwenyewe!" sauti ikajibu kutoka chini ya meza.

"Dada, usimwambie haiumi," Shangazi alisema.

"Sasa nimwambieje? Saa saba hii!"

Shangazi alijivuta mpaka karibu na meza. "Kamanda. Jana nilikukosea. Sista aliniomba mimi, nikakubali mimi. Wewe hukuulizwa."

Kipara kikachungulia. Kisha: "Lala chini."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mgonjwa leo. Jikunje. Zaidi. Kama paka."

Shangazi akajikunja mkekani. Kamanda akatoka na bomba la sindano la plastiki lisilo na ncha, akawaita wenzake watatu. "Wewe miguu. Wewe mabega. Wewe wa dripu, shika kichwa, usikanyage mpira wako." Wakaja wanacheka. Hata mama alicheka.

Shangazi naye alikuwa anacheka, mpaka goti lilipomkaa mbavuni na kiganja kidogo, cha moto, kikamkandamiza shingo. Uso uko mkekani. Hamwoni nani anafanya nini. Bomba likaanza kumchimba mgongo.

"Ngoja kidogo, Kamanda."

"Tunakaribia kumaliza."

"Nimesema ngoja!"

"Na mimi nimesema tunakaribia kumaliza. Tulia. Usiwe kama mtoto mdogo."

Maneno hayo Shangazi aliyajua moja moja. La kwanza la daktari. La pili la sista. "Tulia" ilikuwa yake mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio kwa mchezo wa watoto, akaona aibu, na aibu haikuupunguza mwendo.

Walipomwachia aliketi, jasho limemlowanisha.

"Ulitaka tusimame," Kamanda alisema.

"Ndiyo."

"Huwa hawasimami."

Miaka tisa! Kupuliza mapovu, kuvuta pumzi, kumchoma mwanasesere kwanza. Miaka tisa amewafundisha watoto kutulia. Watu wazima hajawahi kuwafundisha kitu.

"Nikikuombea wasimame kila ukisema subiri, unataka subiri ngapi?"

"Kumi."

"Kumi daktari atazeeka na sindano mkononi."

Kamanda akafikiri. "Tatu."

Daktari alimsikiliza kwenye korido huku akitembea. "Shangazi, nina watoto saba leo."

"Najua. Wote wanatoka kwangu."

"Na akisema sindano ikiwa ndani?"

"Huchomoi. Unaganda hapo hapo."

"Nani kakufundisha udaktari?"

"Wewe. Wiki iliyopita, ulipokataa kuganda, ukapata damu."

Daktari alisimama. Midomo ilimcheza kama anayetaka kutukana. "Dakika ishirini," akasema. "Zikiisha, wanaingia wanne." Wahudumu wawili tayari walikuwa wameegemea mlango wa chumba cha sindano, mikono kifuani.

Ndani kulinuka spiriti. Kamanda alilala kwa ubavu, amejikunja, mama kichwani, Shangazi mbele yake ili aone uso wa mtu. Pamba ya baridi ilipogusa mgongo tu:

"Subiri!"

Daktari akainua mikono. Kamanda akageuza shingo kuhakikisha. Akarudi.

Sindano ya ganzi ilipokaribia: "Subiri!"

Pamba tu, na ganzi tu, na mbili zimekwenda! Shangazi hakuthubutu kutazama saa. Zikiisha atamwahidi nini tena? Mama alikuwa anasali kwa midomo. Ganzi ikaingia, Kamanda akalia, hakuruka.

"Sasa ile yenyewe," daktari alisema.

Kucha za Kamanda zilimzama Shangazi kiganjani. "Subiri! Subiri, subiri!"

Daktari aliganda, vidole kwenye sindano. Tatu, nne au tano, nani wa kuhesabu? Mhudumu mmoja akatia mguu ndani.

"Toka," daktari alisema bila kugeuka.

Kamanda alitetemeka midomo, kamasi zikamtiririka, lakini mgongo wake, mgongo ule ule wa mateke, haukusogea hata kidogo.

"Haya," akasema.

Tone la kwanza likadondoka kwenye kichupa. Jeupe kama maji. La pili. Daktari akaunganisha dawa, akaisukuma polepole mpaka ikaisha, na mama akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

Walipomtoa Kamanda kwenye kitanda cha magurudumu, amelala chali kama alivyoamriwa, baba mmoja aliyesikia yote alikuwa mlangoni amembeba mwanawe wa miaka minne, kafunikwa uso kwa taulo asione.

"Na huyu," baba akauliza, "ana subiri ngapi?"

"Mfunue umuulize mwenyewe," Kamanda akajibu akipita.

Daktari alitazama saa yake, akawatazama wahudumu wawili. Shangazi alisimama kati yao na mtoto, kiganja kinamuuma, na hakusogea.