Hatuhami

Sabaha, muuza vitenge wa sokoni Babati, ndiye aliyeandika skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, ya programu waliyochatia wafanyabiashara wenzake. Kazi yake ilikuwa ndogo: kijana akiandika "xaxa", skripti inaibadilisha kuwa "sasa" kabla ujumbe haujawafikia wengine. Mama Zawadi, muuza mitumba aliyesumbuliwa na uandishi huo, alimshukuru sana.

Kisha ukaja mpango wa kuwahamishia Bonga, nje kidogo ya mji. Mwenyekiti wa chama chao, Eustace, aliutaka. Wengine hawakuutaka, na kundi lao la kuchatia likajaa neno moja: hatuhami.

Eustace akamfuata Sabaha kibandani kwake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Iongezee kitu skripti yako. Mtu akiandika 'hatuhami', isomeke 'tutahama'. Mwenye eneo la Bonga anasoma humo, atatuona wakorofi."

"'Xaxa' na 'sasa' ni neno lilelile. Hili ni kumlisha mtu maneno. Sifanyi."

"Basi atafanya mwingine."

Eustace akamwondoa Sabaha kwenye usimamizi wa kundi, akampa kazi Allen, fundi simu. Kesho yake Mama Zawadi akaja mbio, simu mkononi.

"Sabaha! Mimi nimeandika tutahama? Mimi?"

Sabaha aliposoma, hasira zikampanda. "Hapana, mama. Umebadilishiwa." Akamweleza kwamba skripti haijui maana, inatafuta tu herufi zilizofuatana vilevile. "Weka nukta katikati."

Mama Zawadi akaandika polepole: hatu.hami. Ikapita!

Kufikia mchana kundi zima liliandika hivyo. Allen akaiziba, wakaja na "hatuhaami". Akaiziba hiyo nayo. Wakaandika hatutoki, hatubanduki, hatung'oki. Jioni akamwendea Sabaha.

"Dada, nimechoka. Nikiziba hapa wanatokea pale."

"Acha kuziba, basi."

Allen akaifuta amri ile palepale, mbele yake.

Hata hivyo, kwenye mkutano wa chama Eustace alisoma zile jumbe zilizogeuzwa, akatangaza kwamba wanachama wamekubali. Mama Zawadi akasimama.

"Baba, mimi niko hapa, na mdomo wangu ninao. Hatuhami! Haya, badilisha na hilo."

Ukumbi mzima ukasimama naye. Allen akakiri alichotumwa kufanya. Kura ilipopigwa, mpango ukaanguka, na Eustace akatoka bila kuaga.

Usimamizi wa kundi Sabaha hakurudishiwa, wala hakuomba. Alifungua kundi jingine, akaiweka skripti yake mahali ambapo kila mwanachama angeweza kuisoma. Wengi wakamfuata huko, wakiongozwa na Mama Zawadi.