Maji ya Nyumba ya Juu

Nyumba ya Maman Francine ilipoteza vyumba viwili, vilivyoporomoka kwa mvua Jumapili, wakati wa misa ya pili. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa kanisani, watu walisema Mungu amemhurumia. Jumatatu wakaanza kuulizana: kama Mungu amemhurumia, basi nani amembomolea? Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mimi ni Zagabe, jirani yake wa juu. Nafanya kazi katika ofisi moja ya Muhumba, hapa Bukavu, naandika ripoti za mmomonyoko wa udongo. Pia mimi ndiye msomaji wa shirika letu, yaani familia kumi na mbili za kilima zinazokutana kila Jumatano alasiri kusali, kila wiki nyumba tofauti. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Maman Francine. Mwenyekiti wetu, Papa Mushagalusa, aliihamishia kwangu bila kutoa sababu, na hakuna aliyeiuliza. Nani apeleke watoto wake kusali kwenye nyumba iliyolaaniwa?

Mstari wa wiki ulitoka kwenye kijitabu cha parokia kilichochapwa tangu Desemba, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Ulisema laana ya Bwana iko katika nyumba ya mwovu, lakini makao ya mwenye haki huyabariki. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya kurasa mbili. Nilipofika "nyumba ya mwovu", watu wote waligeuza macho dirishani, wakaangalia chini kilimani, palipobaki mabati ya Maman Francine. Yeye alikuwa ameketi katikati yao, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe.

Mvua ilikuwa inanyesha. Katika shirika letu kila mtu hutaja neno lililomgusa. Mke wangu Eulalie alitaja "makao". Watatu, bila haya, walitaja "mwovu". Maman Francine alisema ametafuta dhambi yake tangu Jumapili na amepata moja tu, ugomvi na shemeji yake juu ya jembe, na haoni kama unatosha vyumba viwili. Lakini mwenye kipimo ni Mungu. Basi yeye atauza kiwanja, Jumamosi ahamie kwa kaka yake, kule Mudaka.

Zamu yangu ikafika. Nje, maji ya paa langu yalikuwa yanaingia kwenye tiyo, bomba la plastiki nililoweka mwezi wa nane ili msingi wangu usiliwe, yanatapikwa mwisho wa ua, juu kabisa ya ukuta wa Maman Francine. Nilimuuliza fundi maji yatakwenda wapi. Akasema, "Chini." Nikaridhika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangejenga Bukavu, wangesema kiko juu yako mlimani. Niliona aibu mpaka zile kurasa mbili zikalowa jasho.

"Maman Francine," nikasema, "usiende Mudaka. Ile haiko laana. Iko tiyo yangu."

Akanigeuzia kiti chake.

"Siku tatu niko naomba Mungu anisamehe, na sijue kosa," akasema. "We uko pale juu, unajua."

 Papa Mushagalusa akafungua kijitabu, akasoma hatua inayofuata: tendo la wiki, jambo la kufanya pamoja kutokana na neno. Eulalie, ambaye tumeoana miaka ishirini, alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na msumeno. Akanipa.

Tulitoka wote na miamvuli. Nikaikata tiyo karibu na ukuta wangu. Maji yakamwagika palepale, chini ya saloni yangu tulimokuwa tunasali, yakaanza kuchimba. Maman Francine alikuwa amejitwika kiti chake, ndicho kilichomkinga mvua.

"Sasa soma tena ile mustari," akasema.

Nikasoma. Nilipofika "nyumba ya mwovu", safari hii hakuna aliyeangalia chini kilimani.