Shimo Ubavuni mwa Kondoo

Wingu letu la angani, lile tulilolichunguza kwa darubini, tuliliita Kondoo, maana lilifanana na kondoo wa hapa Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, kabla hajanyolewa. Ni gesi tupu. Nyota changa zilizozaliwa ndani yake huimulika kwa mwanga mkali hadi atomi zake zinapoteza elektroni, na gesi yote inang'aa. Nikilitazama sana nasahau kiti nilichokalia. Naelea humo polepole, kama sina miguu.

Safari hii, kwenye picha yangu mpya, Kondoo alikuwa na shimo ubavuni: jeusi, duara, na nyota moja changa katikati.

Nilijua wa kulaumiwa. Siku ya kwanza ya kupiga picha, baba yangu, Floors Beukes, mnyoa kondoo, aliniletea mikate iliyookwa juu ya makaa kwa pikapu yake ya petroli. Kwenye darubini zetu za redio huruhusiwi kuingia na gari lisilo la dizeli, kwa sababu cheche ya plagi za injini ya petroli huko ni radi: darubini huinasa na picha huchafuka. Yeye akapitia njia ya wachungaji, isiyo na lango. Nafasi ile ya kutumia darubini niliisubiri miezi minane. Picha ikiharibika, shahada yangu ndiyo basi tena.

Nilimpigia simu kutoka mjini. "Baba, umeniharibia maisha kwa sababu ya mikate."

"Ilikuwa bado ya moto," alisema, akakata.

Jumapili mbili zikapita bila yeye kuja kunitembelea kama kawaida yake. Mimi nami kichwa kigumu, sikupiga tena.

Kisha msimamizi wangu wa masomo, Nthabeleng, akanikuta nikijaribu kulifuta shimo kwenye picha. "Kwa nini unataka kulifuta shimo hili?"

"Ni cheche za pikapu ya baba."

"Cheche huchafua picha nzima kwa mistari, Lenie. Hazichori duara." Akafungua picha ya siku ya pili, ambayo baba hakuja. Shimo lilikuwa palepale. "Ni nyota hiyo. Joto lake na upepo wake vinaisukuma gesi iliyoizaa. Imemfukuza mama yake nyumbani, hiyo. Umepata kitu, dada."

Nilipaswa kufurahi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mchana huohuo nilikwenda kwa baba. Kabla sijasalimia, alinitia mkononi kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na plagi nne za pikapu yake.

"Kaa nazo wewe. Sasa haitatoa cheche hata ikiota ndoto."

"Na kazini unakwendaje?"

"Kwa miguu. Kondoo hawajalalamika."

Nilimwonyesha picha, nikamweleza kazi ya nyota ile. Aliitazama kwa muda mrefu, kichwa upande, kama anavyokagua kazi ya mnyoaji mwenzake.

"Imenyoa safi," alisema. "Haikumkata ngozi?"

"Ilimkata, Baba. Nisamehe."

Alichukua kile kitambaa cha plagi mkononi mwangu, akaenda kufungua boneti ya pikapu.

"Nishikie spana," alisema.