Mabuu wa Mama Maganda

Nakutega, msikilizaji: mtoto hana mguu wala jicho, hula bila kushiba, na akiota mbawa hamkumbuki aliyemlisha. Usinipe mji, leo sidai. Ni buu, mtoto wa nzi. Lakini wa nzi yupi? Hapo ndipo palipomponza mtu na kumwokoa mwingine.

Mkaza mwana wa nyumba moja alipachikwa jina na wifi yake: Mama Maganda. Kila ganda la jikoni alilizoa, akalirundika nyuma ya nyumba lioze liwe mbolea. Tangu aolewe, ndicho kitu pekee pale alichokiita chake. Basi vitunguu vya mama mkwe vikaanza kunyauka. Wifi akafukua rundo, mabuu tele. Akang'oa kitunguu, mabuu tele. Akainjika sufuria ya maji aje aunguze rundo zima.

"Wifi," mkaza mwana akasema, "na kama hawa wa rundoni na wa kitunguuni si ndugu, nani atanibebea maganda?"

Wifi akacheka tu. Mama mkwe, aliyekuwa hapendi kelele, akaamuru maji yaepuliwe mpaka kesho.

Mkaza mwana akaleta sahani nyeupe, akawapanga. Wa rundoni walikuwa bapa, wa kahawia, ngozi ngumu yenye pingili, na kichwa kidogo kimechomoza mbele. Wa kitunguuni walikuwa weupe, laini, wamechongoka mbele, kichwa hukioni. Wifi akasema funza ni funza hata akivaa koti.

"Basi tuwaulize wenyewe," akajibiwa.

Akatia kitunguu kizima katika kopo lenye udongo pamoja na wale wa kahawia, kingine katika kopo la weupe, akafunika kwa kitambaa. Usiku huo usingizi aliusikia kwa jirani.

Asubuhi mama mkwe alifunua mwenyewe, miwani puani. Kitunguu cha wenye makoti kilikuwa kizima kama kilivyotoka sokoni. Cha weupe kilitobolewa kama chujio. Bibi yule akakigeuzageuza, akaagiza vitunguu vyote vilivyougua ving'olewe vichomwe, na rundo lisiguswe. Kisha akamwambia mkaza mwana, mbele ya wote, kwamba tuta la pili la bustani alime yeye, apande atakacho.

Mkaza mwana alitaka kupiga kigelegele. Akajikaza, akakipiga hata hivyo, mpaka kuku wakatawanyika.

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Wewe uliulizwa jambo jana."

Wifi akaitazama ndoo ya jikoni, imejaa, inanuka.

"Mimi," akasema. "Ila vichwa vya samaki sibebi."