Vichupa Vilivyomiminwa Pamoja

Mtafiti alifungua friza, asione hata kichupa chake kimoja. Mahali pake palikuwa na chupa moja tu, imesimama katikati ya rafu kama bibi harusi.

"Nani kagusa protini yangu?"

"Mimi, shemeji," akajibu fundi wa maabara, mume wa dada yake, meno yote nje. "Friza ilijaa hadi mlango haufungi. Nikaviyeyusha, nikamimina pamoja, nikagandisha upya. Si unaona nafasi?"

Mtafiti alipandwa na mori. Ile ni protini ya damu, inayoongezeka mwili ukipata uvimbe. Lakini hii ya kwenye friza haikutoka kwa mtu. Ilitengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, kwa utafiti tu. Mchana huo angeitumia, kwa kuwa kiasi chake kinajulikana, kumwonyesha mkuu wa maabara kwamba kipimo chake kipya kinasema kweli. Kikishindwa, utafiti unafungwa. Na aliigawa vichupani makusudi, kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, maana kugandisha tena huiharibu.

"Shemeji, usinile mbichi. Barafu haina kinyongo."

"Nenda ukagandishe ubongo wako, uuyeyushe, ndipo uje tuongee!"

Fundi akashusha sauti. "Itumie hivyohivyo. Namba zikikataa, tutazinyoosha. Mkuu ataona wapi? Ukinitaja nafukuzwa, na wale watoto ni wa dada yako."

Hapo ndipo hasira ilipozidi. Kosa angelisamehe. Lakini kumfanya mwongo, kisha kuwaweka watoto mbele kama ngao! Labda protini ilikufa nusu, labda robo, nani ajuaye? Jiwe la mizani lisilojulikana uzito halipimi kitu. Akaiyeyusha ile chupa kiganjani, akaifungua, akaimimina yote kwenye ndoo ya dawa ya kuua vijidudu.

"Umepagawa?" fundi akapiga kelele.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa maabara akaingia, miwani kichwani. "Tuko tayari?"

"Hatuko, mkuu. Protini imeharibika."

"Imeharibikaje?"

Mtafiti alimgeukia fundi, akamwachia nafasi ya kuwa mwanamume. Fundi akakohoa.

"Kaimwaga yeye, mkuu. Nimeona kwa macho yangu haya."

Mtafiti akamsogezea fundi ile chupa tupu.

"Kweli nimemwaga. Sasa, shemeji, mweleze mkuu nimemwaga nini."