Viti Vinne vya Kusafishia Damu

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni, Jumatatu ya pili ya Desemba, Earlean Tolliver aliinuka kwenye meza ya bodi ya kaunti akatoka ukumbini. Mwanasheria wa kaunti ndiye aliyemwambia atoke. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kutumia fedha za serikali kuu, zile zilizotolewa kuzifufua kaunti baada ya korona, kufungua kliniki ya figo mjini Dunmark. Jengo lililopendekezwa, duka la zamani la samani, lilikuwa la mumewe. Mjumbe mwenye masilahi hapigi kura wala hasikilizi.

Kusikiliza, alisikiliza. Mlango wa ukumbi haukuwa unafunga vizuri, na benchi la korido lilikuwa karibu nao.

Mumewe, Cleophus, alikuwa na mwaka wa tatu sasa akiishi Memphis kwa dada yake. Mashine za kusafisha damu zilizokuwa karibu zaidi zilikuwa huko, na figo zake zisingengoja. Earlean alimwona kila Jumapili, baada ya ibada. Siku nyingine alilala upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha ulivyotandikwa. Alichojua ni kwamba duka lile lilikuwa na paa zima na mabomba mapya. Kliniki ikiwekwa pale, Cleophus angelala nyumbani kabla ya joto la Juni.

Ndani, Royce Pennebaker, mkulima wa pamba na mjumbe wa kusini mwa kaunti, alikuwa akizungumza.

"Viti vinne, kwa bei hiyo? Kanisani kwetu tuna viti vya kukunja stoo nzima. Njooni mchukue bure."

"Na hivyo vinasafisha damu, Royce?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa mahubiri yetu yalivyo marefu, damu yenyewe inakauka."

Walicheka, kisha wakapiga kura. Wawili kwa wawili. Hoja ikaanguka, na mwenyekiti akatangaza mapumziko.

Royce alitoka kununua soda kwenye mashine ya korido.

"Bi Earlean, usininunie."

"Sijanuna. Nimekaa."

"Kaka Cleo ndiye aliyeniuzia kitanda changu cha ndoa. Sina neno naye. Lakini nikilipitisha lile duka, kesho watu watasema Tolliver kaiuzia kaunti gofu lake."

"Gofu hilo paa lake zima kuliko la kwako."

"Najua. Lete shule ya zamani ya Harlow, kule kwetu kusini, mimi niko na wewe."

"Royce, ile shule imeota miti ndani."

"Basi tutaikata."

Shule ilikuwa mali ya kaunti. Earlean alimuuliza mwanasheria pale mlangoni, naye akamjibu kwamba mume aliye mgonjwa ni mgonjwa kama wengine. Mume mwenye jengo ndiye aliyekuwa tatizo. Kwa Harlow angeweza kupiga kura. Lakini paa la shule lilikuwa la kubomolewa lote, na mhandisi alikwisha kusema kazi hiyo ingekula mwaka mmoja na nusu. Mkataba usiposainiwa kabla ya mwaka kwisha, fedha zingerudi Washington, na huo ulikuwa mkutano wa mwisho wa mwaka.

Akaingia ndani, akatoa hoja ya Harlow yeye mwenyewe. Royce akaiunga mkono. Mjumbe wa Dunmark, ambaye mwanzo alikuwa upande wa kliniki ya mjini kwake, sasa aligeuka.

"Umetuuza, Bi Earlean," alisema bila kumtazama.

"Kama nimeuza, hela sijaziona."

Hoja ilipita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mkono wa Earlean ulikuwa wa mwisho kupanda.

Alipofika kwenye gari alipiga simu Memphis. Ozella, wifi yake, akapokea.

"Amelala, wifi. Leo wamemtoa kwenye mashine hoi kabisa. Ila alisema ukipiga nimwamshe."

"Amekula?"

"Viazi kidogo. Vipi huko, wamepitisha?"

"Wamepitisha."

"Mungu mkubwa. Basi anarudi lini?"

"Si mwaka ujao. Ule unaofuata."

Earlean alimwomba asimwamshe, akakata simu.